Mapigo Matatu

Tulijaza zidaka kwa kanga kuukuu,
safu baada ya safu,
mpaka kuta za ndani zikasahau kujibu.
Lali akapiga kofi, akasikiliza,
akatikisa kichwa. Bado.
Tukaleta godoro la wageni, mswala,
na kanzu mbili za marehemu.
Akapiga tena. Kofi likafia mkononi mwake.
"Sasa nyumba imenyamaza," akasema. "Imba."

Nyumba yetu ya Mkomani haikuwahi kunyamaza.
Mtaa mzima unakijua kisa cha Babu Shekuwe
aliyeuza mlango,
mbao, komeo na nakshi zake,
kwa tajiri mpita njia.
Punda wanne waliubeba hadi gatini,
naye usiku akatandika jamvi kizingitini akalala,
mlango ni yeye,
paka wakimruka, watoka msikitini alfajiri
wakimbishia hodi mgongoni.
Arusini kinasimuliwa, matangani kinasimuliwa.
Ami Famau huuigiza hata mkoromo.

Nikasema, huu ndio wimbo wa kufungulia kanda yetu,
wa tari na kicheko.
Nikaandika beti sita kwa penseli ya mwanangu.
Nilitafuta kina cha komeo,
nikapata kileo, nikapata pembeo,
Mungu anisamehe, nikapata hata kibanzi cha upeo.

Shangazi Mwana Esha akaja kusikiliza
na bakuli la tambi mkononi.
Hakucheka.
"Na pesa," akauliza, "zilikwenda wapi?"

Miaka arubaini tumeshika mbavu
na hakuna aliyeuliza pesa zilikwenda wapi.

Zilikwenda Mombasa.
Zilinunua siku tisa za kitanda cha hospitali
kwa msichana wa miaka saba, mdogo wake,
ambaye homa ilimmaliza mwili.
"Alisalia mato tu," akasema.
Mato. Mimi niliyezoea kusema macho
nilishuka na neno lile polepole,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Siku ya kumi mlango ulikuwa umekwisha.
Babu akarudi peke yake na kifurushi cha nguo.
"Wakasema analinda vyombo. Vyombo gani?
Tulikuwa na sufuria mbili.
Alishindwa kuingia.
Mtoto alikuwa akilala humu,
hapo hapo ulipokita kinasa chako."

Beti sikuzichana. Nilizipunguza mwendo.
Kicheko nikakiacha,
kwani ndicho tulichomfunikia.
Shangazi akaweka sharti moja:
mwimbe, lakini jina lake silitaki redioni.

Basi ubeti wa tano una shimo.
Mapigo matatu, kadiri ya silabi zake,
hakuna sauti, hakuna uzi unaoguswa.
Aboud wa udi alidhani nimesahau maneno,
akanisitiri kwa madoido.
Tukarudia. Akanisitiri tena, maskini, kwa wema tu.
Mara ya nne akaelewa.
Mara ya tano punda akalia kichochoroni,
ya sita adhana.
Ya saba ndiyo iliyokaa,
ingawa ukisikiliza sana
kuna mtu anavuta kamasi, na si mimi.

Tukamvisha Shangazi visikilizi juu ya mtandio.
Alitulia kama anayepimwa masikio.
Ubeti wa kwanza, wa pili, mkoromo wa Babu,
akatabasamu kidogo.
Wa tano ulipofika
akalitaja jina
kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo
wasiojua kwamba wengine wanawasikia.
Lali alikuwa amekwisha kuzima kinasa.
Jina likaingia kwenye kanga likabaki huko.
Nami hapa silisemi. Sharti ni sharti.

Asubuhi tulizitoa zidakani.
Shangazi akazikunja moja moja mapajani,
kila kanga akiisoma jina lake kwanza,
polepole, kwa sauti, ndipo aikunje.
Moja ilikuwa imepauka, maandishi hayasomeki.
Aliigeuza, akaigeuza tena,
akairudisha kidakani.