Namdai Marehemu

Kikundi chetu hakina sare.
Legio wana bendera, kwaya wana majoho,
akina mama wa jikoni wana aproni za manjano
zenye jina la parokia mgongoni.
Sisi tuna simu ya Agata Chae,
na simu hiyo hulia saa za wanga.

Tuko saba. Tulikuwa kumi na mmoja;
wanne tumewaosha wenyewe.
Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi padre hutangaza:
Kikundi cha Marehemu kinahitaji watu,
na kanisa zima huinamisha macho
kutazama viatu,
viatu vizuri, vimepigwa rangi.

Usiku ule theluji ilikuwa inaangukia bandari ya Gunsan,
ile nyepesi, isiyojua ituelekee au ituache.
Agata akasema, "Simoni, njoo. Ni Yohakimu Pyo."
Nikanyamaza.
"Umenisikia?"
Nilikuwa nimemsikia.

Pyo wa duka la matairi.
Pyo aliyenikopa won milioni tatu
mwaka nilipouza basi langu dogo,
akaniambia: nitakulipa baada ya sikukuu ya mavuno.
Mavuno yamepita mara tisa.
Miaka tisa tumepokea komunyo mstari mmoja,
yeye mbele, mimi nyuma nikihesabu mikunjo ya kisogo chake.
Wakati wa kutakiana amani, watu wakiinamiana,
mimi niliinamia nguzo.

Chumba cha chini, hospitalini. Baridi ya jokofu.
Mke alishatangulia. Mwana yuko Busan, simu haipokei.
Agata akagawa pamba na spiriti
kama mtu anayegawa karata:
"Bong-gil, miguu. Dongchil, kichwa na kifua.
Simoni, mikono."
Kisha akapita upande wa pili wa pazia, waliko wanawake.
Huyu mama ameuza dagaa wakavu sokoni miaka arobaini.
Anajua mji mzima nani anamdai nani.

Mkono wa kuume kwanza.
Kidole kwa kidole.
Chini ya kucha palikuwa na weusi wa mpira
ambao spiriti haiutoi.
Nikasugua.
Bong-gil akanong'ona, "Acha, utamchubua."
Nikasugua.

Nyuma ya pazia wakaanza zaburi,
ile inayouliza itakuwaje
Mungu naye akianza kuhesabu.
Ndivyo tuimbavyo sisi: wanawake mstari,
wanaume mstari, kama watu wawili
wanaobeba meza nzito kupita mlangoni.
Zamu yetu ilipofika Bong-gil akaimba peke yake.
Ikafika tena. Nikaingia nimechelewa,
kwa sauti ya chura,
mkono wa Pyo ukiwa ndani ya wangu,
mzito, haupokei kitu, hautoi kitu.

Hakuna aliyeuliza kama kuna anayemdai.
Waliuliza tu rozari yake iko wapi.
Ilikuwa mfukoni mwa koti la kazi,
imefungwa pamoja na ufunguo wa duka kwa waya.
Waya niliufungua mimi.
Ulinichukua muda.

Alfajiri mwana akafika, mvi zimemwanza,
akapiga magoti akatuinamia hadi paji likagusa sakafu.
Tukaketi naye kwenye supu,
ile nyekundu ya nyama na pilipili,
inayopikwa misibani hata kwa asiye na watu.
Hakushika kijiko.
"Wazee wangu," akasema,
"baba aliacha deni kwa mtu?"

Bong-gil akatafuta kitu chini ya meza.
Agata akanitazama,
halafu akatazama bakuli lake.
Nje lori la samaki lilikuwa linarudi nyuma,
linalia, linalia.

"Kula kwanza," nikasema. "Supu inapoa."

Milioni tatu.
Hesabu bado naijua,
kama ninavyoijua namba ya basi lile.