Lita Thelathini na Nane

Lojze aliingia dukani Jumanne, mvua ikimchuruzika kofiani,
akaomba begi la lita sabini.
"Kama lile la zamani," akasema,
"ila hili zipu zake zifunge."

Safari yenyewe siku tatu,
Bohinj hadi Bonde la Maziwa Saba,
na kila usiku kibanda, blanketi, supu ya shayiri.
Nikamwambia begi halipendi kukaa na njaa;
ukiliachia nafasi, litakuomba cha kutia.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani alisema kibaba lazima kijae?

Kesho yake akaja na vyote.
Tukavimwaga sakafuni, kati ya viatu na majiko ya gesi:
sweta tatu, sabuni nzima, darubini,
tochi mbili, ya pili ya kuitafutia ya kwanza,
na kikaango alichokisubu mwenyewe
enzi za tanuri la Jesenice,
kizito kama deni.
Nilikiweka kwenye mizani ya unga. Sindano ikagota.
"Basi," akasema,
kwa sauti ya mtu anayemwacha mbwa nyumbani.

Sabuni nikaikata robo.
Ikabaki sweta moja, koti la mvua, soksi,
mkate, jibini, chupa, ramani iliyochakaa mikunjoni.

Kamba hakuitoa.
Mita thelathini, rangi yake imeliwa na jua.
"Njia hii haitaki kamba," nikasema.
"Najua. Ncha ya pili alikuwa akishika Vinko."
Sikuuliza Vinko yuko wapi.
Mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi.
Niliinyanyua: kilo mbili na gramu mia.
Haikuwa usufi.

Kisha nikampima mgongo, maana lita ni za vitu,
saizi ni ya mtu:
toka mfupa unaochomoza shingoni akiinama
hadi usawa wa nyonga.
Arobaini na sita.
"Zilikuwa hamsini," akasema, akicheka kidogo, peke yake.
Nikakaza mkanda wa kiunoni, nikalegeza wa mabegani;
uzito ukashuka, ukatulia nyongani
kama mtoto aliyezoea kubebwa.

Vitu vyake vilienea lita thelathini.
Nilimuuzia thelathini na nane.
Kamba aliikunja taratibu, akailaza juu kabisa, chini ya kifuniko,
wala hakuniuliza hesabu.