Ukurasa wa Kumi na Nne

Nilitumwa Quellón, kusini mwa Chile, niandike ripoti.
Mvua ilikuja kwa ubavu,
kiwanda cha samoni kikinguruma tangu alfajiri.
Mkobani nilikuwa na orodha ya mema:
uwanja wa mpira, nyasi za plastiki;
paa jipya la kanisa;
miche elfu mbili, na mbao zenye jina la kampuni.
Umebaki ukurasa mmoja, wa kumi na nne,
kichwa chake kimeshachapwa: *Watu Wetu, Nguvu Yetu.*

Nikaonyeshwa Yasna Nahuelquín.
Miaka kumi na tisa anang'oa miba kwa koleo,
samaki baada ya samaki baada ya samaki,
na ukanda haumngoji mtu apige chafya.
"Tabasamu," mpiga picha akasema.
Akatabasamu.
Alipovua glavu nikaona vidole havikunjuki,
vimeshika umbo la koleo
na koleo lenyewe liko mezani.

Nikamsomea swali la fomu:
ustawi wako kazini, kuanzia moja hadi tano?
Akacheka kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.
"Usiku mume wangu hunifungua vifungo vya koti.
Asubuhi binti yangu hunisuka nywele,
zamani nilimsuka mimi.
Andika tano."

Kisha, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani:
"Ule uwanja ni mzuri, usidhani nalalamika.
Mwanangu wa kiume hucheza pale Jumamosi.
Akifunga bao
siwezi kumpigia makofi."

Mcheza kwao hutunzwa, husemwa.
Anayemtunza ni nani, na kwa mikono ipi?

Hotelini jiko la kuni linatema cheche.
Mkurugenzi kapiga simu mara mbili:
ukurasa wa kumi na nne uko wapi?
Nimemwambia mvua imekata mtandao.
Mtandao hauna neno.
Ni mimi, kila nikishika kalamu
vidole vyangu hukunjuka kirahisi, vinanitia haya.

Saa nane usiku nimeandika, nikatuma kabla sijaogopa:
*Ukanda upunguzwe mwendo.
Kila saa, dakika kumi, na beseni la maji ya vuguvugu.
Mganga wa viungo, hata siku moja kwa wiki.
Miche itasubiri.*

Picha nimeikata.
Uso wenye tabasamu nimeutoa,
nimewaachia mikono.