Mizani

Moyo wangu huruka silabi.
Daktari Ozolins alinifunga mashine kifuani,
nilale nayo, niamke nayo, nipande nayo tramu
hadi soko la Liepaja kununua samaki wa kukaushwa kwa moshi.
Siku nzima moyo ukatulia kama mtoto mbele ya mgeni.
Nilipoirudisha tu, nikiwa ngazini, ukaanza:
du, du,
                kimya,
dududu, kuku ndani ya gunia.

Na haya mengine, nani atayafunga fundo moja?
Kikohozi kisicho na mafua. Miayo isiyo na usingizi.
Kidole cha pete kinakufa ganzi nikimenya viazi.
Halafu mkojo, saa tisa za usiku, mara nne, mara tano,
sakafu ya koridoni barafu tupu,
Ojars akiuliza gizani: "Tena?"
Tena.
Hospitali wameandika: wasiwasi.

Siku hizi Ojars haulizi.
Huniwekea kiganja mgongoni
akihesabu kwa Kilatvia, polepole,
moja, mbili, tatu,
na moyo ukiruka
naye huruka,
nne haitaji,
husubiri.
Tunaendelea kutoka tano.