Banda Lisilo na Pembe

Babu Ntahondi alifika Muheza na kibati shingoni:
elfu nne mia mbili na saba.
Karani alishindwa kuliandika jina lake
na foleni ya Warundi ilifika hadi stesheni.

Miaka sita alikata mkonge.
Mkataba ulipokwisha, wenzake walipanda treni;
yeye alivuka kijito upande wa Potwe,
akampa Semkiwa mbuzi mmoja na blanketi la kampuni,
akapata kipande cha kichaka na onyo:
"Jenga, ila usiniletee watu wenu wote."

Hakuleta watu. Alileta kamba.

Akapigilia kigingi katikati,
akaishika ncha, akatembea kinyumenyume,
kisigino kikichora udongo,
mpaka akakaribia alipoanzia.
Wabondei wakaja kutazama. Wakacheka:
banda gani halina pembe,
mbuzi ataegemea wapi?
"Panya hupenda pembe," alisema,
basi. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kazini:
fungu, namba, kesho alfajiri.

Nguzo ya kati ni chuma.
Tulikatazwa kusema; waliokataza wamekufa, nasema.
Ni reli ya troli ya shamba la mkonge,
ilibebwa usiku na wanaume wanne
wakikohoa kwa zamu kila ilipogonga jiwe.
Msimamizi alikuja na askari wawili,
akalizunguka banda mara tatu
asijue aanzie wapi kupekua.
Bibi Ntirampeba alikwishaikandika nguzo udongo na samadi,
akaitundikia mahindi ya mbegu,
akaketi chini yake akijifanya ana uchungu.
Wakaondoka kwa haya.
Kabla ya jogoo uchungu ukaja kweli,
na baba akazaliwa humo,
kati ya mbuzi na magunzi.

Mwaka wa vijiji walikuja na uzi na chokaa:
nyumba zote mstari mmoja.
Uzi ukapita katikati ya banda.
Bwana shamba akautazama uzi, akalitazama banda,
akatazama mawingu
na magunia ya kijiji yaliyokosa pa kulala.
Barabara yetu ina kona moja tu.
Ndiyo hiyo.

Kisha, mimi nikiwa darasa la tano,
baba aliitwa uhamiaji Tanga mjini.
Umezaliwa wapi?
Bandani.
Banda gani, kiwanja namba ngapi?
Akatoa mfukoni kibati cha babu, akakiweka mezani.
Afisa akacheka,
akakigeuza, akaacha kucheka.
Hakuandika kitu. Alisema rudi Jumatatu.
Jumatatu hizo baba alizihesabu hadi mia na kitu.

Sasa humo tunaweka machungwa ya kusubiri lori.
Udongo umebanduka, reli inalia kutu
na wachuuzi hupiga picha.

Juzi nilipima kwa kamba, nipate kupaua upya.
Duara halikufunga.
Babu alikosea, shibiri nne hivi,
upande wa magharibi,
na hapo ndipo alipoweka mlango.