Ha

Faili lilikuja kwenye flashi ya Katibu Nampoto,
imefungwa kwa kipande cha stakabadhi, kama ugoro.
Dakika arobaini za mnada wa korosho,
zito kama gunia lililomwagiwa maji lidanganye mizani.
"Lipunguze," akasema, "lienee kwenye simu za watu,
hata ile ya Bi Somoe yenye kioo cha kupasuka.
Kitangari wasikie, Mahuta wasikie.
Bando la mkulima unalijua."

Nikafungua dirisha jeusi.
Hapa dukani Newala, kati ya mashine ya fotokopi
na ndoo ya maji niliyoinunua kwa bei ya soda,
upepo wa Shimo la Mungu unapenya chini ya mlango
nami naandika amri, herufi kwa herufi,
kwa kiumbe kisichojua kukisia.

*Faili halipo.*
Lipo, naliona kwa macho yangu!
*Faili halipo.*
Nusu saa. Kumbe Nampoto ameliita mnada newala,
na ile nafasi katikati
mashine imeisoma kama watu wawili waliogombana.
Nikawafunga pamoja kwa alama za kunukuu.

Mara ya pili zikatoka sauti za vifaranga:
wanaume wazima wa chama cha msingi
wanagombea bei kama watoto wa chekechea.
Nilicheka hadi mteja wa picha za pasipoti
akasita mlangoni, akarudi alikotoka.
Simu ilizimika chaji kabla haijafunga faili,
kichwa chake kikapotea na kasi yake humo;
mimi nikabuni kasi, nikabuni mara mbili yake.

Mara ya tatu, umeme.

Mara ya nne ikakubali. A, A, na C,
herufi tatu tu, na gunia limekuwa kibaba.
Nikamrushia Dadi wa Kitangari, alijaribu.
Hazikupita dakika tano simu ikaita:
"Dada Zamoyoni, kumbe mmekubali?"
Kukubali nini?
"Bei. Si huyu Bi Somoe anasema hapa mwanzo?"

Nikaziba masikio kwa spika ndogo, nikarudisha nyuma.
Kikohozi hakipo. Vumbi la ghala halipo.
Sauti yake imesimama wima, safi, inasema:
*Tukubali bei hii.*

Nilikuwepo ghalani siku ile.
Niliuona mkono wake ukipiga hewa
kabla neno halijatoka.

Nikarudi kwenye amri, nikaisoma kama barua ya deni.
Mwaka juzi kisimbaji kilikuwa na tabia
ya kutanguliza kimya kidogo kabla ya kila sauti,
nami nikakiandikia mkasi, robo ya sekunde,
nikausahau humo, unakata tu.
Hiki kipya hukikata kimya chake chenyewe.
Mkasi wangu ukakuta hakuna kimya cha kukata
ukakata mtu.

Robo ya sekunde. Hata kope haijafumba.
Lakini lugha yetu imeweka kukataa kwake mbele kabisa,
pale mdomo unapoachana tu:
si, ha, hu.
Ukichelewa mlangoni umekuta watu wamekubaliana.

Nikafuta mkasi. Sikuongeza kitu.
Nikasubiri namba zitambae hadi mwisho, nikabonyeza:
kikohozi, kiti cha chuma kikiburuzwa,
na *Ha*,
pana, yenye mate, yenye miaka sitini ya kubangua,
*tukubali.*

Jioni Nampoto alikuja kuchukua flashi.
"Siku nzima, kazi ya kupunguza faili?"
Nilikuwa natafuta silabi, nikamwambia.
"Silabi moja mnauza shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
"Sikubali," akasema,
nami nikaisikia yote, tangu mwanzo wake.