Zakuwashiani?

Magunia mawili yamepanda ngazi mgongoni mwa kijana wa lori,
kilo arobaini, wiki ya mwisho ya Septemba,
na Trajanka anayamwaga roshanini juu ya magazeti ya mwaka jana:
hoho nyekundu, ndefu, zimechongoka kama pua za ukoo wake,
nyama nene, ngozi yang'aa hata ujionee meno.
Pembeni, katika kikombe cha chai, zile kali kumi na mbili,
nyembamba, zimejikunja,
kama watu wafupi wanaojijua.

Mwaka huu chumvi haimo.
Zafir alitoka hospitali ya Strumica mwezi wa Agosti
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
chumvi, punguza; mafuta ya nguruwe, sahau;
mizigo mizito, hapana; ugomvi, hapana.
Hilo la mwisho daktari aliliongeza kwa kalamu
baada ya kumsikia akibishana na bawabu.
Tangu siku hiyo kila mlo, asema, ni kuramba ukuta.

Basi mkewe kafanya hesabu zake.
Hoho ikichomwa, utamu wake hutoka mafichoni,
na pale ulimi unapouliza chumvi iko wapi,
ile kali hujibu kabla swali halijaisha.

"Kula hii mbichi, kabla moto haujachukua fungu lake.
Ina vitamini C kushinda chungwa."
Zafir anatafuna. Analalamika, lakini anatafuna.
"Na hii kali, inaponya nini?"
"Haiponyi kitu, mzee.
Inakukumbusha tu kwamba una ulimi."

Jiko la bati linanguruma.
Ngozi zinafura, zinapasuka, zinakuwa nyeusi tii,
kisha zafungiwa sufuriani zitoe jasho lao kimyakimya,
na vidole vinazimenya zingali moto,
ganda huku, mbegu huku,
mpaka kucha za Trajanka zinakuwa kama za mchoraji.
Halafu anasahau. Anajikuna jicho.
"Maji!" "Si maji, Zafir, utaisambaza! Lete mtindi!"
Naye anakaa kitini, kitambaa cha mtindi usoni,
akicheka na kulaani kwa pumzi moja.

Moshi hauna adabu ya ngazi.
Umepanda ghorofa ya tatu, kwa Kostadin,
ambaye bomba lake lilivuja miaka miwili iliyopita
likaacha dari ya Trajanka na doa lenye umbo la ng'ombe,
na tangu hapo hata salamu hazipiti.
Pilipili usizozila, zakuwashiani?
Aliyeuliza hivyo hakukaa nyumba za kupangana.
Kostadin hajaonja hata punje
na tayari machozi yanamfika kidevuni.

Anagonga. Ana maneno, ameyapanga tangu ghorofa ya juu.
Mlango unafunguka:
mwanamke mwenye mtindi usoni,
mwanaume aliyekatazwa kugombana,
na sufuria kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto,
inayotaka kukorogwa saa tatu bila kupumzika.
Kikohozi kinameza neno la kwanza.
La pili halimjii.
Anaangalia mwiko. Anaangalia mikono ya Zafir, ilivyokonda.
Anakunja mashati, mikono yote miwili.

Hawazungumzi habari ya bomba.
Wanazungumza kama bilinganya iongezwe, na Kostadin ashindwa kura;
kama kali ziwe sita au zote, na Zafir ashinda: zote.
Usiku unaingia. Rojo inatokota, inarusha matone,
inamwachia Kostadin alama nyekundu kifundoni.

"Sasa," asema Trajanka,
na anamwonyesha: vuta mwiko chini kabisa, toka ukingo hadi ukingo.
Njia inafunguka katikati ya wekundu,
chini ya sufuria inaonekana,
nao watatu wanainama, wakihesabu,
kuona kama itajifunga.

Haikujifunga.

Chupa ishirini na tatu zalala chini ya blanketi la sufu.
Ya ishirini na nne imepanda ngazi,
ingali ya moto, mikononi mwa mtu
anayekanyaga polepole chini ya ng'ombe wa dari.